Reli Juu ya Tuta

Kithyoko haina reli. Soko hilo la Masinga, kaunti ya Machakos, limekaa kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, mbele ya Matuu ukielekea Mwingi, na kila kinacholifikia huja kwa magurudumu ya mpira: mabasi ya Garissa, malori ya mifugo, matatu, bodaboda. Reli ya karibu ni ile iliyofika Thika mwaka 1913 na baadaye ikasogezwa hadi Nanyuki. Njia kuu ya Mombasa na Nairobi inapita upande mwingine kabisa wa Ukambani, kwa Makindu, Sultan Hamud, Kima, Ulu na Konza. Mtoto wa Kithyoko anaweza kumaliza shule ya msingi bila kusikia honi ya treni.

Hata hivyo, anayetaka kujenga reli ndogo ya bustani, ile inayotandikwa nje juani na mvuani badala ya juu ya meza sebuleni, atatembea sana kabla ya kupata mahali panapoifaa kuliko mashamba ya upande huu. Siri iko kwenye matuta.

Miaka ya 1930 Machakos ilisemwa vibaya kwa mmomonyoko wa udongo. Serikali ya kikoloni ilitafuta dawa kwa amri, na mwaka 1938 ilipoanza kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu, Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Matuta ya kulazimishwa nayo yalichukiwa. Baadaye, kuanzia miaka ya 1950, wakulima walishika aina moja waliyoona ina faida kwao wenyewe, fanya juu. Mtaro huchimbwa ukikata mteremko kwa usawa, na udongo unaotoka humo hurushwa upande wa juu ukawa tuta. Mvua zikija, udongo unaoteremka hunaswa nyuma ya tuta, na baada ya misimu kadhaa kilima chote hugeuka ngazi. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka 1994, walionyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka hiyo ya 1930, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Fundi wa reli akisoma historia hiyo anaona kitu ambacho mtaalamu wa kilimo hakijali. Tuta la fanya juu ni njia ya treni iliyokwisha kupimwa. Kazi inayowachosha wajenzi wa reli za bustani kokote duniani ni kupata mstari ulio sawa kwenye ardhi isiyo sawa, na hapa mstari huo umechimbwa tangu enzi za babu, tena mara nyingi na kikundi cha mwethya, yaani cha kazi ya pamoja, kilichokuwa kikihama shamba hadi shamba. Kifaa chenyewe bado kinajulikana: vijiti viwili virefu na kimoja kifupi vilivyofungwa kwa umbo la A, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Kamba ikigusa alama ya katikati, miguu miwili iko kimo kimoja. Hakuna fundi wa reli ndogo anayehitaji zaidi ya hapo, ila pimamaji ya shilingi mia chache kwa kazi ya mwisho.

Kuna bahati nyingine, na hii ni ya hesabu. Mwaka 1968 kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilileta sokoni treni kubwa za mfano zilizoitwa LGB, ambazo zingeweza kuachwa nje zikanyeshewa. Lehmann walitumia upana wa milimita 45 kati ya reli na reli, kipimo kilichokuwa kikijulikana kwa watengenezaji wa vitu vya kuchezea tangu siku za Märklin mwaka 1891. Jipya lilikuwa kuamua kwamba milimita hizo 45 zisimame badala ya njia nyembamba za milimani, zenye upana wa mita moja. Wakapunguza kila kitu mara 22.5. Zidisha 45 kwa 22.5 upate milimita 1,012.5.

Mita moja ndiyo njia ya Afrika Mashariki. Ndiyo ya Reli ya Uganda, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 ikagusa ziwa pale palipo na Kisumu ya leo. Kwa hiyo anayenunua reli ya LGB iliyokusudiwa treni za Milima ya Alps anarudi nyumbani na Reli ya Uganda iliyopunguzwa mara 22.5, yenye kosa la milimita 12 hivi tu katika mita nzima. Anayependa treni mpya ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 hana bahati hiyo. Upana wake ni milimita 1,435, na kwa kipimo hicho hicho angehitaji njia ya karibu milimita 64 ambayo ni vigumu kuipata dukani.

Je, mfano huo uwe wa treni gani? Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana majibu ya chuma. Pale ndipo lilipo behewa ambamo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alikamatwa na simba usiku wa Juni mwaka 1900 akiwa Kima. Pale pia zimesimama injini mbili za daraja la 59, namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Beyer Peacock wa Manchester walitengeneza 34 za aina hiyo kati ya 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na hakuna injini za mvuke za njia ya mita moja zilizowahi kuzishinda nguvu duniani. Zilikuwa na uzito wa tani 252, magurudumu 28, na urefu wa karibu mita 32. Ni za muundo wa Garratt: bwela linaning'inia katikati ya vitoroli viwili vyenye mitambo yake, hivyo injini nzima hujipinda kwenye kona ambazo injini ya kawaida yenye urefu huo isingezithubutu.

Punguza mita 32 mara 22.5 na mfano unakuwa na urefu wa mita 1.4. Bwela lake, lililokuwa na kipenyo cha futi 7 na nusu, linabaki na sentimita 10 hivi, ukubwa unaokaribiana na mkebe wa kilo moja wa mafuta ya kupikia. Watoto waliokulia vijijini Kenya wakiunda magari ya waya na mikebe hawahitaji kufundishwa mengine. Hata hivyo, fundi mwenye busara ataanza na kiberenge, kile cha ekseli mbili kilichokuwa kikibeba wakaguzi wa njia. Mfano wake hauzidi urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko, motaa yake inaweza kutoka kwenye printa iliyokufa, na kikianguka kwenye kona hakiondoki na mshahara wa mwezi.

Sasa shambani. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa Ulaya na Marekani, na hutumia kurasa nyingi kueleza namna ya kuushinda udongo unaoganda kwa baridi na kuinua reli. Kurasa hizo Kithyoko zirukwe. Adui wa huku ni maji yanayokuja yote kwa mara moja. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo wakulima wa upande huu huzitegemea zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei, zinaweza kumwaga kwa saa moja kile ambacho ardhi kavu haiwezi kukinywa kwa siku. Na mvua haikubali kupunguzwa mara 22.5. Tone linaloanguka juu ya stesheni ya mfano ni tone lile lile linaloanguka juu ya stesheni ya Konza, na kijito cha upana wa kiganja, ambacho mkulima anakiruka bila kukiona, kwa treni ndogo ni mto uliofurika.

Ndiyo maana mahali pa kutandika ni mgongo wa tuta. Si kwenye bapa lililo nyuma yake, ingawa linavutia kwa kuwa pana na laini. Fanya juu imeundwa ili maji yatuame hapo hapo, na reli iliyowekwa hapo itafunikwa na matope msimu wa kwanza. Mgongo hubaki mkavu, kwa maana maji yanayozidi yana mtaro wao upande wa chini. Tuta liwe la zamani, kwa sababu jipya huendelea kushuka kwa misimu kadhaa, tena hushuka bila usawa.

Kosa la pili la kuepuka ni tamaa ya kupanda. Njia ya Mombasa hadi Nairobi, pamoja na milima yake yote, ilijengwa ili treni nzito zisikutane na mwinuko unaozidi asilimia 1.5, yaani sentimita 1.5 kwa kila mita. Bustanini asilimia 2 inavumilika, na 3 huanza kuchoma motaa. Kutoka tuta moja hadi lingine kunaweza kuwa na kimo cha mita nzima, na kwa asilimia 2 safari hiyo inadai mita 50 za reli. Afadhali treni ibaki kwenye tuta lake na kugeukia miishoni kwa duara mbili. Kona zisiwe za sentimita 60 kama zile za sanduku la kwanza la LGB. Kwa kipimo cha kweli hiyo ni kona ya mita 13.5, ambayo hakuna treni ya Kenya iliyowahi kuipita. Nusu kipenyo cha mita 2 kinapendeza macho na hakichakazi magurudumu.

Kitanda cha reli chenyewe ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye jembe. Mfereji wa kina cha sentimita 10 na upana wa 20 unatosha. Ndani yake hutandikwa gunia kuukuu la nailoni, ili mawe yasizame udongoni, kisha kokoto ndogo zilizochanganywa na vumbi la mawe kutoka kwenye mashine za kusaga. Wengi hushawishika kutumia mchanga wa mtoni, maana Machakos inao. Waache. Chembe za mchanga wa mto zimesuguliwa na maji hadi zikawa za duara, na kitu cha duara kikibebeshwa mzigo hubingirika. Kokoto zilizovunjwa zina kingo, zinashikana, na bado zinapitisha maji. Tena mito ya Ukambani imechotwa mchanga wa kutosha.

Zege je? Panapo udongo mwekundu wenye kichanga inakaa vizuri, lakini ni ghali na haisamehi, kwani ukikosea kona unavunja kwa nyundo. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi, itakatika vipande. Hapo njia ipandishwe juu ya vigingi. Mti wa kuchagua ni mukau, ambao KEFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa misitu, imeufanyia utafiti kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kitui: hustahimili ukame, hukua upesi kwa mti wa mbao ngumu, na mchwa hawauli kirahisi.

Mchwa wastahili aya yao. Wajenzi wa Reli ya Uganda walitandika mataruma ya chuma sehemu kubwa ya njia, na wadudu hawa walikuwa mojawapo ya sababu. Mfano unadai hekima hiyo hiyo. Mataruma ya mbao laini ya paini yataliwa yakabaki maganda. Ya plastiki hayaliwi, lakini plastiki isiyotiwa kinga ya jua hugeuka unga chini ya jua la Masinga, hivyo rangi nyeusi na plastiki nzito ni bora kuliko za kung'aa. Anayetengeneza mwenyewe anaweza kukata vijiti vya mukau vya sentimita 9, avitie mapengo mawili kwa msumeno, na kusimamisha humo vipande vya flat-ba ya milimita 3 kwa 10 kutoka kwa fundi wa jua kali. Reli ya shaba ya LGB ina kimo cha milimita 8.4, kwa hiyo flat-ba haiko mbali na kipimo. Isipokuwa chuma hushika kutu, na hilo linaamua suala la umeme kabla hata halijaulizwa.

Ulaya treni nyingi za bustani huchukua umeme kutoka kwenye reli zenyewe. Kithyoko mpango huo ungemfanya mwenye treni kuwa mfuta vumbi wa kudumu, kwani gurudumu linahitaji kugusa chuma safi wakati wote, na kati ya Julai na Septemba hakuna kinachobaki safi kando ya barabara ile. Betri ndani ya behewa la kwanza na kidhibiti cha redio mkononi huondoa shida nzima, na reli inabaki na kazi moja tu ya kubeba. Paneli ndogo ya sola juu ya paa la nyumba huchaji betri mchana. Ila betri za lithiamu hazipendi joto, kwa hivyo treni isiachwe juani saa sita ikisubiri wageni. Asubuhi na jioni ndizo saa zake.

Jua hilo hilo hurefusha reli. Mita 10 za shaba, kutoka baridi ya alfajiri hadi joto la alasiri ambapo chuma kimezidi kwa nyuzi 30, huongezeka karibu milimita 6. Za chuma karibu 4. Inaonekana kidogo hadi mtu aone reli iliyofungwa kwa skrubu pande zote ikijipinda kama nyoka kufikia saa tisa. Dawa ni mbili: pengo la milimita moja au mbili kwenye viungo, na kuiacha njia ielee juu ya kokoto bila kupigiliwa chini.

Jambo hili la kuelea lilipata ushahidi mkubwa huko Uskoti mwaka 2017. Watu wa kujitolea walitandika reli ndogo kutoka Fort William hadi Inverness, maili 71, yaani kilomita 114, na injini iliyoitwa Silver Lady ikasafiri umbali wote huo kwa ajili ya kipindi cha televisheni. Reli zilikuwa za plastiki, zikilazwa mbele na kung'olewa nyuma, juu ya majani, mawe na hata maji. Hakukuwa na msingi wowote wa kudumu. Bila shaka reli ya wiki mbili haipimwi kwa kipimo cha reli ya miaka 10, lakini yeyote anayedhani lazima aanze na lori la simiti angeitazama safari hiyo kwanza.

Mimea ndiyo inayoifanya njia iwe nchi. Kanuni ni majani madogo na mashina manene. Mbuyu wa mita 15, kama mibuyu inayoonekana karibu na reli ya kweli upande wa Kibwezi na Mtito Andei, unapunguzwa kuwa sentimita 67, na mmea wa kuuigiza upo: waridi la jangwani, lenye shina nono lililovimba chini, ambalo kwenye chungu au kati ya mawe hukaa miaka bila kuzidi kimo hicho. Utomvu wake una sumu, hivyo watoto waonywe. Shubiri ndogo husimama badala ya mikonge ya mashamba makubwa. Napia ipelekwe tuta jingine, kwani hurefuka kupita injini kwa wiki chache tu za mvua, na mizizi yake huinua kokoto. Hata hivyo tuta lisiachwe uchi. Nyasi fupi pande zote mbili, na ukanda wa sentimita 30 tu katikati kwa ajili ya reli, vinalishika lisibomoke.

Wanyama wana vipimo vyao. Kuku wa kienyeji wa sentimita 40, akitazamwa na abiria wa mfano, ana kimo cha mita 9, na ana kawaida ya kuchakura kokoto akitafuta mchwa. Mbuzi anakaribia mita 15. Ua wa miba ya migunga unamzuia mbuzi. Kuku hazuiliki, na mwenye reli atachagua kati ya banda na ufagio.

Matengenezo yanafuata kalenda ya mkulima, na hili linarahisisha maisha, kwa kuwa jembe tayari liko mkononi. Septemba mtaro wa chini ya tuta huzolewa udongo, kama ambavyo ungezolewa kwa ajili ya mahindi na kunde. Mabehewa hugeuzwa, na grisi ya zamani iliyoshika vumbi huondolewa kwenye meno ya giya kwa brashi kabla ya kutiwa mpya kidogo sana. Novemba, siku mbili tatu baada ya mvua ya kwanza kubwa, magugu hung'olewa kwa mkono yangali machanga. Mapito ya mchwa kwenye vigingi hukwanguliwa palepale yanapoonekana.

Kisha njia inakaguliwa. Pimamaji ndogo hufungwa juu ya behewa bapa, ikiikingama njia, na behewa husukumwa polepole kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Povu likikimbilia upande mmoja, mahali hapo hutiwa alama ya chaki, kwa maana reli ya upande wa pili imezama. Wafanyakazi wa genge kwenye njia kubwa hufanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa vyuma vizito. Huku vinatosha vijiti viwili vya ncha bapa: reli huinuliwa kidogo, kokoto hushindiliwa chini ya taruma kutoka pande zote mbili kwa pamoja, kisha behewa husukumwa tena kupita juu ya alama.